Kiti cha Swaib

Walukuba, Jinja

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna tena wa kukisema naye ndani ya nyumba hii. Baba yangu alikuwa askari, nikakulia kambini Mbale, na hiyo ndiyo lugha iliyonilea. Mume wangu Swaib, Mgisu wa Busiu, alikiokota Malaba alipokuwa dereva wa lori la kiwanda. Tuligombana kwa Kiswahili na tukapatana kwa Kiswahili, na majirani, ambao hapa Uganda Kiswahili kwao ni lugha ya jeshi, wakitusikia walidhani wanajeshi wamerudi.

Alifariki mwezi uliopita. Walimzika siku ile ile kwao Busiu, mimi nikabaki hapa kukaa eda. Kaburi sijaliona. Miezi minne na siku kumi nitakuwa ndani ya ua huu wa mabati, na nguo nyeupe, bila hina, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura.

Shemeji yangu Wamboga, mdogo wake Swaib, alikuja siku ya tatu. Kabla hajaondoka alinyoosha kidole kwenye turubai kule pembeni ya ua. Chini yake kuna Mercedes 200E ya mwaka 1988, rangi ya chai ya maziwa. Limelala miaka kadhaa, tangu siku lilipochemka kwenye barabara ya Tirinyi, mimi na Swaib tukienda Busiu. Alishuka kutafuta maji, akaanguka pale pale, akapooza upande mmoja mpaka mauti yake. Hatukufika.

"Shemeji," Wamboga akasema, "ukitoka eda nakuja na breakdown. Hiyo inaenda ku chuma chakavu."

"Na likiwaka?"

"Ikiwaka ni yako, nasema hata mbele ya sheikh. Lakini hiyo gari imekufa."

Basi. Siku nitakayotoka, gari hili ama litanipeleka kwenye kaburi la Swaib, ama litavutwa kwa mnyororo. Sina jambo jingine la kufanya katika miezi hii, na sitaki jingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia sheikh wa msikiti wetu kumuuliza kama aliye eda anaruhusiwa kutengeneza gari.

"Gari liko ndani ya ua?"

"Ndani ya ua."

"Basi tengeneza."

Manukato alinikumbusha tena kuwa marufuku. Petroli hakuitaja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeondoa turubai. Nilidhani nitalia, badala yake nikakasirika, kwa sababu panya wamezaa kwenye kofia ya Swaib iliyokuwa nyuma ya kiti.

Mtu akiwa na gari la Kijerumani lililolala muda mrefu, asianze na ufunguo. Wanaume wote huanza na ufunguo. Aanze na pua. Nilifungua mlango nikanusa uvundo wa maji, nikainua zulia, chini pamelowa chepechepe. Magari haya yana mifereji midogo chini ya kioo cha mbele, karibu na betri, ya kutolea maji ya mvua. Majani yakiziba hapo, maji huingia ndani na kuozesha nyaya. Nilitoa majani ya jakaranda yaliyokwisha kuwa udongo, mikono miwili imejaa, na nyungunyungu mmoja ambaye hakufurahi.

Kisha nikakaa kwenye kiti cha dereva. Kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Swaib alikuwa mrefu, mimi najulikana nilivyo. Mguu haukufika kwenye klachi. Mkono wangu ulishuka chini ya kiti kutafuta wenzo wa kukisogeza, ukaugusa, nikaurudisha mkono juu.

Niliingia ndani nikaleta mto wa kitandani nikauweka mgongoni. Unatosha.

Wamboga amepiga simu baada ya swala. "Gari bado iko?" Nikamjibu litaenda wapi. Akakata.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimefuturu peke yangu, uji na ndizi mbili. Nilipika wa watu wawili bila kufikiri.

Ijumaa, 14 Machi

Jirani yangu Kagoya, muuza chapati, ndiye miguu yangu ya nje. Anakwenda dukani kwa niaba yangu, na mtaani anatangaza habari zangu bila malipo.

"Dada Nusifa, watu nasema umerogwa," ameniambia leo. "Mwanamuke naingia chini ya gari na nguo nyeupe."

"Waambie nguo si nyeupe tena."

Amecheka mpaka akakaa chini. Simpendi sana Kagoya, ni mmbea, lakini alipoondoka ua ulikuwa mkubwa kuliko jana.

Wamboga tena. "Gari bado iko?" Nadhani anaota bei ya chuma.

Jumatano, 19 Machi

Miaka yote nilimshikia Swaib tochi. Mwenye kushika tochi huona kila kitu, ila hakuna anayemwuliza. Kwa hiyo najua vitu vingi ambavyo sikujua kuwa navijua.

Kwa mfano fyuzi. Gari hili lina fyuzi za zamani, vijiti vidogo vyenye ncha mbili, na ncha hizo hushika kutu nyeupe. Fundi mvivu atakuambia nyaya zote zimekufa, ubadilishe. Wewe fungua kisanduku, tia kidole juu ya kila fyuzi, izungushe mahali pake mara kadhaa kama unavyozungusha shanga ya tasbihi. Leo nimezungusha zote. Kwa betri ya kuazima kwa shemeji yake Kagoya, taa ya ndani imewaka, na redio ikatoa mkoromo.

Nimekaa chini ya ile taa mpaka adhana ya magharibi. Swaib angesema, "Zima, unamaliza betri." Hakuna aliyesema. Nikazima mwenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita. Kagoya aliniletea kuku, na alihakikisha amechinjwa na Mwislamu, alimbeba mzima mpaka msikitini akasimama nje akisubiri. Nilimwita mmbea hapo juu. Sifuti, ni mmbea. Ila niongeze kwamba alisimama nje ya msikiti na kuku.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwita Obura. Ni Mjaluo wa Kenya, ana gereji Bugembe, ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari hili enzi zake. Mwanaume wa kando haingii kwenye ua wa mwenye eda, kwa hiyo amekaa kwenye jiwe nje ya mabati, nami nimekaa ndani, na kazi imekwenda hivyo. Namweleza ninachokiona, yeye anauliza. Kikiwa kitu kidogo nakiinua juu ya mabati.

"Juu kidogo, mama. Geuza. Hapo. Hiyo ni chujio ya petroli, na hiyo imekufa kitambo."

"Nilijua. Nilitaka nisikie ukisema."

"Sasa petroli ya zamani mwaga yote. Imeoza. Ukiinusa iko kama rangi ya nyumba, ama niaje?"

Iko hivyo kabisa. Petroli iliyolala huoza, na mtu akiipandisha kwenye injini ya aina hii itaziba vitundu vya kunyunyizia. Amwage, abadilishe chujio lililo chini nyuma, karibu na pampu, ndipo atie mpya.

Kilichonifurahisha si petroli. Tulizungumza Kiswahili muda mrefu, cha kwao Kisumu, kimejaa "niaje" na "kitambo", lakini Kiswahili. Alipoaga nilitafuta swali jingine la kumwuliza nikakosa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Magurudumu ya nyuma yamegoma kuzunguka. Breki ya mkono ilivutwa siku gari lilipoletwa, mikate ya breki ikagandamana na ngoma. Gari la kulala halivutwi breki ya mkono, linawekewa mawe. Nimegonga ngoma kwa nyundo ya mbao, taratibu, pande zote, mpaka likaachia kwa mlio uliomfanya Kagoya atoke kwake na mwiko.

Jumanne, 22 Aprili

Limewaka.

Niandike kwa utaratibu. Ufunguo ulizungusha injini vizuri lakini haikushika, na sikusikia ule mvumo wa pampu ya petroli kutoka nyuma. Obura, kule nje kwenye jiwe lake, akaniambia nitafute kisanduku cheusi nyuma ya betri kinachoamrisha pampu, nikifungue, nitazame upande wa lehemu. Nilitumia miwani ya Swaib ya kusomea juu ya yangu. Kwenye vijiguu viwili kulikuwa na ufa mwembamba wa duara. Ni ugonjwa wa magari haya, joto na baridi hupasua lehemu, na watu hununua pampu mpya bure. Nimepasha chuma cha kulehemu cha Swaib, nikayeyusha upya, nikakiinua juu ya mabati.

"Nani amekufundisha hii?" Obura akauliza.

"Nilishika tochi."

Nikarudisha, nikakaa na mto wangu mgongoni, nikageuza ufunguo. Likakohoa, likakohoa, likashika. Moshi umefunika nguo za Kagoya kwenye kamba. Obura alipiga makofi nje ya mabati, nami nikainua mikono kwenye usukani nikaishusha, sikujua pa kuipeleka. Mwili mzima uligeuka upande wa mlango wa jikoni, ambako Swaib alikuwa akisimama.

Halafu mshale wa joto ukaanza kupanda. Gari limesimama tu uani, halijabeba hata kuku, na mshale unapanda. Nimezima kabla ya mstari mwekundu.

Jumatano, 23 Aprili

Ukanda wa feni mzima. Pampu ya maji haivuji. Rejeta chini baridi, injini juu inaunguza. Maji ya moto hayafiki kwenye rejeta.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefungua kifuniko cha thermostati, kile kidude cha shaba na chemchemi kinachoyafungulia maji njia yakipata moto. Hakuna kitu ndani. Tundu tupu.

Nimemwita Obura kwenye jiwe.

"Thermostati iko wapi?"

"Aah, hiyo? Nilitoa kitambo. Hapa kwetu tunatoa zote, mama. Hiyo ni ya wazungu, kule kwa barafu. Afrika ni joto."

Alisema kwa uchangamfu, kama mtu anayetaja fadhila. Na mafundi wote wa barabara hii husema hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeushika mdomo wa injini kwa vidole, nikaona kuna njia mbili. Kidude kile kikiwepo na injini ikiwa moto, huziba njia ya mkato na kuyapeleka maji yote kwenye rejeta. Kisipokuwepo, njia ya mkato inabaki wazi, na maji ya moto yanarudi injini bila kupoa. Gari likikimbia huenda usione. Kwenye foleni, kwenye mlima, kwenye jua la Tirinyi, linachemka.

Nikafunga boneti. Nikamwambia Obura aende nyumbani.

Ilikuwa saa saba mchana siku ile ya Tirinyi. Swaib alichukua dumu akashuka kuelekea kwenye mashamba ya mpunga. Nilimwona akipepesuka, nikadhani ameteleza.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikufanya kitu.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua, na hasira. Kagoya yuko Iganga, binti yake amejifungua, hatarudi mwezi huu. Obura amepiga simu kila siku sijapokea. Tangu Jumatatu sijasema neno na mtu yeyote, ila Mungu, na Yeye simwambii kwa sauti.

Ijumaa, 2 Mei

Wamboga. "Gari bado iko?" Leo nimemjibu, "Iko, na wewe je, uko?" Akasema, "Niko, shemeji." Tukakaa hivyo kwenye simu, hakuna anayesema, mpaka salio lake likaisha.

Jumapili, 4 Mei

Nimepokea simu ya Obura na nimemwambia yote. Daktari alisema ni presha, ingemwangusha popote, hata kitandani. Nimemwambia na hilo, kwa sababu ni kweli. Lakini nilimwambia na lile la tundu tupu.

Hakujitetea. Alikata simu, na baadaye nikasikia pikipiki nje, na mtu akikaa kwenye jiwe.

"Mama. Niko na kopo."

Aliliinua juu ya mabati. Kopo kubwa la maziwa ya unga, limejaa thermostati. Za Toyota, za Isuzu, za Peugeot, zote alizozitoa kwenye magari ya watu katika barabara hii tangu alipofika Uganda. Hakuzitupa kwa sababu shaba ni nzuri, alidhani ataziuza.

"Yenu iko ndani. Niliwekea alama ya rangi kwa sababu mzee alikuwa anapenda kuuliza kitu yake iko wapi." Kisha akasema, "Nimekaa na hizi zote. Sasa naziangalia usiku silali."

Nilitaka kumwambia neno gumu. Nilikuwa nimelitunza wiki nzima. Nikamwuliza kama amekula.

Jumatatu, 5 Mei

Kupima thermostati: iweke kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la makaa, isiguse chini. Maji yakikaribia kuchemka, jicho lake linapaswa kufunguka. Ukiipoza, lijifunge. Lisipofunguka, tupa. Nimevuta kigoda nikakaa mbele ya sufuria. Likafunguka, polepole, vizuri. Imekaa miaka ndani ya kopo, na bado inajua kazi yake.

Jumapili, 11 Mei

Nimeharibu. Nimeharibu mwenyewe, kwa mkono wangu, hakuna wa kumlaumu.

Thermostati imeingia. Nimerudisha mpira wa juu kwenye rejeta na kukaza klipu. Nikaona imelegea kidogo, nikakaza tena. Nikakumbuka Tirinyi, nikakaza tena. Shingo ya rejeta kwenye magari haya ni ya plastiki, na plastiki ya mwaka 1988 si plastiki tena, ni biskuti. Ikasema ta, nusu yake ikabaki ndani ya mpira.

Rejeta ya aina hii haipatikani Jinja. Obura ameuliza Kampala, amepata moja iliyooza na mwenye nayo anasema yake ndiyo ya mwisho. Nimekaa chini kwenye tope. Mvua ilianza nikaiacha.

Nimelia kwa sauti leo, kwa mara ya kwanza. Wakati wa msiba watu walikuwa wengi mno.

Jumanne, 20 Mei

Gari limefunikwa. Nasoma Yasin, nafua, nalala. Wamboga Ijumaa aliuliza, nikasema, "Iko, njoo na mnyororo wako." Hakushangilia. Alisema, "Pole, shemeji," na sikuelewa ananipa pole ya nini.

Alhamisi, 29 Mei

Obura amekuja bila kuitwa. "Mama, hiyo shingo tunaweza tia bomba ndani. Bomba ya alumini, ikalie ndani ya ile imebaki, na gundi ya chuma. Kule Kisumu tulifanya. Uko na bomba yoyote, unene kama kidole gumba mbili?"

Nikasema sina.

Ninalo. Lipo pembeni ya kitanda. Fremu ya Swaib ya kutembelea, ya alumini, yenye miguu minne. Walikuja kuiomba kwa ajili ya mzee mmoja wa Masese, nikawaambia imeharibika. Asubuhi bado naizunguka nisiigonge.

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya kuchinja. Kagoya amerudi, na picha za mjukuu. Ametazama fremu, akanitazama mimi.

"Hii nangoja nani?"

Nikaendelea kutazama picha za mjukuu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekata mguu mmoja kwa msumeno wa chuma. Kagoya alishika upande wa pili, hakusema neno muda wote, na kwake hiyo ni sadaka kubwa.

Namna yake: kata kipande cha urefu wa kidole. Kwaruza nje kwa msasa mpaka kiwe kikavu na kikali, na ndani ya shingo pia. Kikiwa chembamba kidogo, pengo lijaze kwa gundi ya chuma. Acha kilale siku mbili bila kukigusa. Mtu mwenye gari zima afanye hivi kabla shingo haijakatika. Na klipu uikaze mpaka ikatae kidogo, uiache hapo. Hofu haizuii maji kuvuja.

Miguu mitatu iliyobaki nimemwambia Kagoya aipeleke Masese, fundi ataunganisha wa nne.

Jumanne, 10 Juni

Maji ya tangi la mvua, si ya kisima. Ya kisima yana chumvi, huota ukoko ndani. Nusu maji ya mvua, nusu dawa ya rejeta.

Nimewasha. Mshale ulipanda mpaka themanini na kitu, ukasimama. Nikangoja. Feni ikavuma. Mshale pale pale. Nje ya mabati Obura aliuliza, "Mama?" Nikamwambia, "Umesimama." Akauliza tena, nikamwambia tena. Nilisikia akipenga kamasi.

Anasema tangu juzi anawapigia wenye magari, mmoja mmoja, awarudishie vidude vyao. Wengine wanamtukana. Anaendelea.

Ijumaa, 20 Juni

Mafuta ya breki mapya. Nimelisogeza mbele na nyuma uani mpaka Kagoya akasema nimeua pilipili zake. Swaib alinifundisha kuendesha hapa hapa Walukuba, jioni za Jumapili, akisoma dua kila nilipokaribia nguzo ya umeme. Mto bado ninao mgongoni, na mwingine nimeukalia.

Leo Wamboga hakupiga. Nilikaa na simu mapajani mpaka alasiri. Nilishangaa kumbe nilikuwa nangoja.

Ijumaa, 27 Juni

Kesho natoka. Nimeoga, nimekunja nguo nyeupe zenye mafuta. Naogopa barabara kuliko nilivyoogopa ua.

Busiu, Mbale

Jumapili, 29 Juni

Naandikia nyumbani kwa Wamboga, mezani kwake.

Jana alifika asubuhi na lori la breakdown, mnyororo umening'inia nyuma. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Nikakaa, nikageuza ufunguo, likawaka mara moja. Obura, ambaye sasa aliruhusiwa kuingia, alisimama karibu na pilipili na kofia mkononi. Kagoya alipiga vigelegele mpaka mtaa ukatoka.

Wamboga alibaki kwenye lango. Nilingoja aseme la sheikh, kwamba ni langu. Akasema, "Zima hiyo kitu."

"Uliahidi."

"Ni yako. Sikatai. Lakini zima." Akaugeuza uso. "Hiyo gari ndiyo imekula ndugu yangu. Kila Ijumaa nilipiga nisikie kama imeondoka. Wewe unalala na hiyo gari ndani ya ua. Niliogopa itakukula na wewe."

Miezi yote hii nilimpimia bei ya chuma. Nilizima injini. Nikamweleza habari ya thermostati, na Obura akasogea akasema, "Mzee, ni mimi nilitoa." Wamboga hakumpiga, hakumsamehe. Akaniambia, "Utaenda nayo?" Nikasema nitaenda nayo. "Basi mimi nafuata nyuma."

Na ndivyo tulivyosafiri. Bugembe, Iganga, barabara ya Tirinyi, mimi mbele peke yangu, nyuma yangu lori la kuvuta magari lisilovuta kitu. Kila nikitazama kioo namwona amekaza macho kwenye gari langu, anangoja moshi. Mimi nilikuwa natazama mshale. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga, pale pale, jua la saa saba, nilitaka kusimama. Mshale haukutikisika. Nikapita. Nilisema kwa sauti, "Swaib, tumepita," na niliposikia sauti yangu ndani ya gari ndipo nilipojua kabisa kwamba sina mtu.

Kaburi liko nyuma ya migomba. Majani yamekatwa, udongo umeinuliwa vizuri, pembeni kuna jembe limesimama. Wamboga huja hapa kila Ijumaa baada ya swala. Zile simu alikuwa akinipigia akiwa amesimama hapo. Alikuwa anatuuliza hali wote wawili, mimi na Swaib.

Niliomba dua. Nilimwambia Swaib gari limefika, limechelewa tu. Nililia kwa wastani.

Tuliporudi barabarani Wamboga hakwenda kwenye lori. Alimwambia dereva wake aondoke. Akafungua mlango wa kushoto wa Mercedes, akasimama, akaingia, akafunga. Mikono magotini. Alikuwa anatokwa jasho.

"Nipeleke nyumbani, shemeji."

Nikawa napanga mito yangu, mmoja chini, mmoja mgongoni. Akaniangalia.

"Umeendesha kutoka Jinja na mito?"

"Kiti ni cha Swaib. Alikiacha hivi."

Alitazama mbele. Nami nilitazama miguu yangu, jinsi ilivyokuwa ikitafuta klachi kwa ncha za vidole safari nzima. Nikaitoa mito, nikamkabidhi. Akaipokea akaipakata.

Kiti cha gari hili kinasogezwa kwa wenzo ulio chini, mbele. Kikikaa muda mrefu bila kuguswa, reli hushika kutu na kitakataa. Usikilazimishe. Inua wenzo, shika usukani kwa mkono mwingine, egemea mbele kwa uzito wako wote, na ungoje. Kitakuja.